Kipofu kwa Ajili ya Pingamizi

Serikali ilimwajiri Nehemiah Andati akiwa kipofu, ikamlipa mshahara akiwa kipofu, ikampandisha cheo akiwa kipofu, halafu mwaka 1994 ikamfukuza kwa kosa la kutosoma ubao wa matangazo. Tusiicheke. Serikali ina mambo mengi ya kukumbuka, na macho ya mtu mmoja ni kitu kidogo.

Kazi yake ilikuwa ya swichibodi, katika ofisi moja mjini Kakamega ambayo haina haja ya kutajwa jina. Aliisomea kazi hiyo katika chuo cha wasioona, akaja mjini na fimbo nyeupe, cheti, na sauti nzito iliyotulia. Watu wa Matete na Kabras waliopiga simu pale walimjua kwa sauti hiyo: “Ofisi ya serikali, Andati anasikiliza, nikuunganishe na nani?” Wengi hawakujua kwamba haoni, na waliojua walikuwa wameshasahau. Akiwa kwenye kiti kile, vifaa vya kusikilizia masikioni, hata yeye mwenyewe alikuwa akisahau. Ndiyo maana alikipenda kiti chake kuliko watu wengi wanavyopenda nyumba zao.

Utotoni, nyumbani kwao Iguhu, alikuwa amepewa kazi nyingine. Alikalishwa kando ya mkeka wa mahindi yaliyoanikwa, akapewa kijiti cha kupiga chini kila akisikia kuku wanakaribia. Ndugu zake walikwenda shule, yeye akabaki na kuku. Mpaka mjomba wake mmoja, katekista, alipomshika mkono akampeleka shule ya wasioona, na njiani Nehemiah akajiapia kimoyomoyo kwamba kwenye mkeka ule harudi tena maisha yake yote.

Basi akaja mkuu mpya wa ofisi, Bwana Erastus. Alikuja na suti mbili, ari kubwa ya nidhamu, na shemeji asiye na kazi. Ofisi haikuwa na nafasi hata moja. Haukupita muda, ilani ikabandikwa ubaoni: kuanzia sasa, opereta wa simu ataandika kwa kalamu, katika rejista, kila simu inayoingia na inayotoka, na atakayekaidi atachukuliwa hatua. Opereta wa simu alikuwa mmoja tu.

Ilani ikakaa ubaoni. Nehemiah alipita chini yake asubuhi na jioni, fimbo ikigonga ukuta, akiwasalimu watu kwa majina. Hakuna aliyemwambia. Baadaye wenzake walisema walidhani ameshaambiwa, na wachache walisema kweli, kwamba walimwogopa mkubwa. Mwezi ulipoisha rejista ilikutwa tupu kabisa, na Nehemiah akaandikiwa barua ajieleze ni kwa nini amekaidi amri ya maandishi. Barua hiyo nayo ilikuwa ya maandishi. Mkewe Pascalia ndiye aliyemsomea, jioni, obusuma, ugali wa kwao, ukipoa mezani.

“Baba Cindy, hawa wanasema umekataa kusoma.”

“Nani? Mimi?”

“Wewe. Na kuandika pia umekataa.”

Nehemiah alicheka mpaka akagundua kwamba anacheka peke yake.

Kamati ya nidhamu ikakaa. Akaeleza kwa adabu zote kwamba yeye haoni, na kwamba hajaona tangu azaliwe. Bwana Erastus akaagiza faili. Sasa, faili la zamani lilipotea ofisi ilipohamishwa kutoka jengo moja kwenda jingine, likafunguliwa jipya, na hilo jipya halikuwa na neno lolote kuhusu macho ya mtumishi.

“Kwa mujibu wa faili hili, Andati, wewe huna ulemavu wowote.”

“Lakini Bwana Mkuu, si wewe mwenyewe unaniona hapa?”

“Mimi kukuona si hoja. Serikali inaangalia faili.”

Wanakamati walitikisa vichwa kukubali, kitu ambacho hakikumsumbua Nehemiah kwa kuwa hakukiona. Akastaafishwa kwa manufaa ya umma. Umma haukuulizwa. Jumatatu iliyofuata shemeji alikuwa kwenye kiti, na wakulima wa miwa wa Kabras waliouliza habari za barabara wakawa wanaunganishwa na idara ya mifugo.

Pascalia ndiye aliyetaka kesi. Nehemiah alitaka kwenda kuongea na Bwana Erastus kiungwana, mtu na mtu. Pascalia akamwambia uungwana ameshaufanya miaka yote hiyo, sasa atafute wakili. Wakampata Joash, kijana mwenye ofisi juu ya duka la mbolea, hodari wa kesi za mipaka ya mashamba na za miwa iliyochomwa moto. Serikali hakuwa amewahi kuishtaki, lakini hilo hakulisema.

“Mzee Andati, hii ni rahisi sana,” alisema. “Sheria ya kukataza kumbagua mlemavu kazini hatuna. Waliotunga sheria hawajafika hapo. Lakini kumhukumu mtu kwa kutosoma, na hana macho ya kusomea, hiyo si haki popote duniani. Tutamaliza kabla ya mavuno.”

Mavuno ya mwaka gani, hakufafanua.

Kwanza ilibidi kukata rufaa ndani ya serikali yenyewe, kwa wakubwa wa Bwana Erastus. Na kwa kuwa barua ya mtumishi kwenda juu hupitia kwa mkuu wake, rufaa ya kumlalamikia Bwana Erastus ikapelekwa kwa Bwana Erastus, ili aifikishe. Ikafika mezani kwake ikapumzika. Pascalia alipokwenda kuiulizia, aliambiwa inashughulikiwa. Alipokwenda tena aliambiwa aliyekuwa akiishughulikia yuko likizo. Mvua za masika zikanyesha, mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, na barua bado inashughulikiwa.

Joash akachoka kungoja, akafungua kesi. Siku ya kwanza mahakamani akasimama mwanasheria wa serikali, Bi. Cherono, mama wa sauti ya upole ambaye kabla jaji hajaingia alimsogezea Nehemiah benchi ili akae vizuri. Kisha akaiua kesi yake kwa sentensi mbili. Serikali, alisema, haishtakiwi kwa ghafla. Huandikiwa kwanza notisi ya siku thelathini, ipate nafasi ya kutafakari na pengine kujirudi. Je, wakili mwenzangu ameandika notisi?

Wakili mwenzake alifungua faili lake, akalifunga, akalifungua tena. Hakuwa ameandika.

“Kosa dogo la utaratibu, mzee,” alisema Joash huko nje, akijifuta jasho. “Tunaanza upya tu.”

Wakaandika notisi. Serikali ikatafakari siku zake zote kwa ukimya mkubwa, na zilipokwisha ikaendelea kutafakari.

Mjini nako maisha yalikuwa yanabana. Pascalia alianza kuuza mboga za kienyeji sokoni, na Nehemiah alikaa nyumbani akisikiliza simu ya jirani ikilia bila mtu wa kuipokea, jambo lililomtesa kuliko njaa. Kaka yake Cornelius akatuma ujumbe kutoka Iguhu: nyumba ipo, rudini, na kwa mtu wa hali yako hapakosekani kazi ndogo, hata ya kuangalia mahindi. Cornelius aliyasema hayo kwa upendo kabisa. Nehemiah alimchukia kwa juma zima, na Pascalia akamwacha amchukie.

“Mwambie nina kesi,” alisema mwishowe. “Mwambie mtu mwenye kesi na serikali hawezi kuangalia kuku.”

Kesi ya pili ilihitaji hati ya kiapo yake mwenyewe, kueleza yaliyompata. Pascalia alimsomea neno kwa neno pale ofisini kwa Joash, kisha akamsomea tena, na pale palipoandikwa vibaya wakapasahihisha. Ilipofika kutia saini, Joash akasema, kwa nia njema, kwamba dole gumba lingetosha.

“Dole gumba ni la mtu ambaye hakusoma,” alijibu Nehemiah, na sauti ya swichibodi ikatoka yote. “Niwekee rula.”

Akawekewa rula chini ya mstari. Kule shuleni walifundishwa kutia saini kwa kuifuata rula, na saini ya Nehemiah ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja mwishoni, mkia aliouonea fahari kubwa. Mtu yeyote akiitazama angesema huyu ni mtu mwenye macho yake mawili, na tena ya afisa. Nehemiah alijua hivyo, na alifurahi.

Kisheria, mwenye kiapo hufika mwenyewe mbele ya kamishna wa viapo, akaapa, naye kamishna akagonga mhuri kushuhudia. Kwa mazoea ya Joash, karani wake alikusanya hati za juma zima kwenye bahasha moja kubwa, akazipeleka kwa kamishna, na kamishna akazigonga zote huku wakibishana kuhusu mpira. Kila hati ilisema kwamba mwapaji amefika “mbele yangu.” Kwa njia hiyo wateja wa Joash walifika mbele ya kamishna huku wako shambani wanapalilia. Nehemiah alifika akiwa kwake, anakunywa chai.

Majibu ya serikali yalipokuja, Pascalia aliyasoma kwa sauti pale pale ofisini kwa Joash. Mshtakiwa anakana kwamba mlalamikaji aliwahi kuajiriwa na serikali. Ikiwa aliajiriwa, anakana kwamba alifukuzwa. Ikiwa alifukuzwa, anakana kwamba alionewa. Halafu Pascalia akanyamaza.

“Endelea, Mama Cindy.”

“'Mshtakiwa anakana kwamba mlalamikaji ni kipofu, na anamtaka alithibitishe jambo hilo kikamilifu.'”

“Aliyeandika ni nani?”

“Cherono.”

“Yule aliyenisogezea benchi?”

“Huyo huyo, mzee,” alisema Joash, akijaribu kutabasamu. “Usimkasirikie. Utetezi huandikwanga hivyo. Unakana kila kitu, hata kama ni jua, halafu unangoja uone mwenzako atathibitisha nini.”

Basi ikabidi Nehemiah athibitishe. Akaenda hospitali ya serikali, akapanga foleni tangu alfajiri, daktari akammulika machoni akasema halina ubishi, mzee, haya ni ya kuzaliwa. Nehemiah akamwomba aandike hivyo. Daktari akasita. Habari za afya ya mtumishi wa serikali, alisema, huandikwa na bodi ya madaktari, na bodi hukaa pale tu inapoombwa na mwajiri. Mwajiri ndiye nani? Bwana Erastus. Pascalia akaenda kumwomba Bwana Erastus aombe bodi ikae imtazame mumewe kama ni kipofu. Bwana Erastus akasema kwa masikitiko kwamba hawezi kuwasumbua madaktari kwa ajili ya mtu ambaye si mtumishi tena.

Siku ya kusikilizwa ilikuja mwaka 1996. Nehemiah alivaa tai yake ya kazini. Aliingia mahakamani ameshika bega la Pascalia, fimbo mkononi, na watu wengine wakampisha njia. Jaji alikuwa mzee mwenye kikohozi, mtu ambaye ungesema kwa kumsikia tu kwamba amechoka na dunia lakini hana ubaya nayo. Nehemiah akajipa moyo. Maneno yake alikuwa ameyapanga usiku kucha, na aliyajua kama zamani alivyojua namba za simu.

Hakuyasema. Bi. Cherono alisimama kabla yake.

“Mheshimiwa, nina pingamizi la awali. Hati ya kiapo iliyo mbele yako ni batili. Sheria inasema mwapaji akiwa kipofu, kamishna wa viapo ni lazima aandike kwamba hati ilisomwa mbele yake, na kwamba mwapaji alionekana kuielewa. Hapa hapana maneno hayo. Pana saini tu, tena nzuri sana. Tunaomba hati itupwe, na kesi iende nayo.”

Joash alishika kichwa. Kikohozi cha jaji kikanyamaza.

“Bi. Cherono,” alisema jaji, “ninasoma utetezi wako hapa. Umekana kwamba huyu bwana ni kipofu.”

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

“Na sasa unasema hati yake ni batili kwa sababu ni kipofu.”

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

“Kwa hiyo ni kipofu au si kipofu?”

Bi. Cherono hakubabaika hata kidogo. Lazima tumpe haki yake, alikuwa mwanasheria mzuri. “Kwa ajili ya utetezi, Mheshimiwa, hatukubali kwamba ni kipofu. Kwa ajili ya pingamizi, ni kipofu.”

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mpaka mbele. Nehemiah alikisikia kikimpita. Akasimama bila kuitwa.

“Mheshimiwa, nilisomewa. Mke wangu alinisomea, tena mara mbili. Yuko hapa, muulize. Kila neno nalijua.”

“Nakuamini, mzee,” alisema jaji, na kwa hakika sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamini. “Lakini mkeo si kamishna wa viapo. Kamishna alikuwepo mkisoma?”

Nehemiah hakuwahi kusema uongo kwenye simu, akaona mahakamani si mahali pa kuanzia. “Hapana. Huyo kamishna sijakutana naye.”

Hapo jaji alimtazama Joash kwa muda mrefu. Nehemiah alijua hivyo kwa namna wakili wake alivyoacha kupumua. Kisha uamuzi ukasomwa, mfupi, kwa sauti ile ile. Mahakama inasikitika. Mahakama imemwona mlalamikaji akiingia ameongozwa na mkewe, na haihitaji bodi ya madaktari kujua inachokiona. Mlalamikaji ni kipofu. Na kwa kuwa ni kipofu, hati yake imekosa maneno yanayotakiwa, ni batili, na kesi imetupwa.

Alikaa. Kwa miaka miwili alikuwa ametafuta mtu mmoja tu serikalini aseme maneno matatu, huyu ni kipofu, na sasa yamesemwa na jaji mzima mbele ya watu, na maneno hayo hayo ndiyo yaliyommaliza. Alihisi aibu, ijapokuwa hakujua amekosa nini, na hasira. Saini, aliwaza. Laiti ningeweka dole gumba. Dole lingemfanya hata karani aulize kama nimesomewa.

Kwenye korido Joash alizungumza harakaharaka. Gharama hatadai. Kosa ni lake. Wangeweza kufungua kesi mpya, tena safari hii na uamuzi wa jaji mkononi kwamba mzee ni kipofu, ushahidi usiopingika, ila tu muda wa kuishtaki serikali kwa jambo hili ulikuwa umekwisha wakati wanangoja siku ya kusikilizwa.

“Kwa hiyo sasa nina ushahidi na sina muda,” alisema Nehemiah.

“Ndiyo, mzee.”

“Na mwanzoni nilikuwa na muda na sina ushahidi.”

Pascalia alisema neno moja la Kiluhya ambalo halifai kuandikwa, akaondoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, kwa maana asingeondoka angempiga wakili. Nehemiah akatangulia mwenyewe, fimbo ikitafuta njia, mpaka karibu na mlango wa nje. Mkono laini ukamshika kiwiko.

“Pole pole, mzee. Mbele yako kuna ngazi.”

Aliitambua sauti. Sauti hakuwa akizisahau.

“Bi. Cherono,” alisema, “hizi ngazi ni kwa ajili ya utetezi au kwa ajili ya pingamizi?”

Mkono haukuondoka. Wakateremka ngazi hivyo, taratibu, serikali na mtu wake, na huko chini Bi. Cherono akamkabidhi kwa Pascalia, aliyekuwa amerudi na maji, akaenda zake. Alikuwa na kesi nyingine saa tano.

Walihamia Iguhu kabla ya Krismasi. Nakala ya uamuzi iliwafuata huko baada ya mavuno, na Pascalia aliifungua nje, kwenye jua, kando ya mkeka. Nehemiah alikuwa amekaa kwenye kigoda, kijiti magotini. Hakuna aliyemlazimisha. Cornelius alimwekea kigoda tu, akamletea kijiti kizuri, kilaini, akidhani anamheshimu.

“Pasome tena pale,” alisema Nehemiah.

“'Mahakama imeridhika kwamba mlalamikaji ni kipofu.'”

“Mhuri upo?”

“Upo. Ni ule wa kuchomoza.”

Alimpa karatasi. Akapitisha kidole, akauona: duara, vijino pembeni, na herufi zilizoinuka kwa ndani. Katika miaka yake yote na serikali, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza iliyomfikia ikiwa na kitu ambacho angeweza kukisoma. Aliuzunguka mhuri kwa kidole mara nyingi, kisha akairudisha.

Miguu ya kuku ikasikika upande wa jikoni, ikikaribia mahindi. Nehemiah akakaa wima, akasafisha koo.

“Ofisi ya serikali,” alisema kwa ile sauti, nzito na iliyotulia, “Andati anasikiliza.”

Akapiga kijiti chini. Kuku akakimbia. Alingoja mkewe acheke, maana alikuwa amesema ili acheke, lakini alichosikia ni karatasi ikikunjwa, taratibu, na Pascalia akivuta kamasi.